Mto Uliofungwa kwa Kidole

"Umeufunga mto," Hawa aliniambia kwa mara ya tatu, na safari hii alipiga kaunta kwa kiganja, chupa za dawa ya minyoo zikagongana kwenye boksi lake.

Nami kwa mara ya tatu nilimwambia kwamba mto anaousema umo ndani ya simu. Ni rangi ya buluu iliyochorwa na watu wasiotujua, katika mchezo wa kujenga miji ambao mimi na yeye tunaucheza bure mtandaoni. Hakuna ng'ombe mle. Hata wangekuwepo, hawanywi.

"Jana nimefika kwenye mtandao, nimeingia mji wako. Leo asubuhi nimeingia tena, nikasema labda macho yangu," alisema. "Ukingo wote ni shamba. Hapa shamba, hapa shamba, hapa shamba, mpaka mwisho wa kioo. Ng'ombe atapita wapi? Ataruka?"

Binti yangu Mitchelle, aliyekuwa akipanga pakiti za mbegu rafuni akiwa ametugeuzia mgongo, alianza kutikisika mabega. Anasubiri kuitwa chuo, na kwa sasa ananisaidia hapa dukani Garsen, ambako nauza pembejeo kwa wakulima na dawa kwa wafugaji. Alisema, bila kugeuka, kwamba gemu ni gemu tu, na kwamba ameona watu wakigombania maji ya bomba lakini maji ya simu bado. Hawa alimtazama mara moja. Mitchelle akarudi kwenye mbegu zake.

Kwa kawaida Hawa huniita Mama Mitchelle, nami humwita Mama Liban. Siku hiyo aliniita kwa jina la kwenye kitambulisho.

"Winfred, pale palikuwa na njia. Njia ya majani, upana wa kidole changu hiki. Mimi nikija mji wako, nasimama pale kwanza. Wewe mwenyewe uliiacha. Nani amekuambia uizibe?"

"Mchezo," nilimjibu, nikajisikia mjinga.

Mchezo huo tuliupata kwenye mahema. Mafuriko yalipotutoa kijijini kwetu, chini kidogo ya Golbanti, tuliwekwa kwenye mwinuko kando ya barabara. Wakulima, Wagiriama kwa Wapokomo, upande huu. Wafugaji wa Kiorma upande ule. Katikati safu moja ya vyoo. Kwa uzembe wa aliyekuwa akigawa mahema, langu na la Hawa yalipandiana kamba. Wiki ya kwanza tuligombana kuhusu kamba hizo. Wiki ya pili mbuzi wake alikula leso yangu. Kufikia mwezi wa pili tulikuwa tukipikiana chai.

Mchana ndani ya hema jeupe hakuna kivuli. Mwanga huja kutoka pande zote, na mtu akilala chali hujihisi yumo ndani ya yai. Sauti za nje hufika zimelainika: mtoto analia mbali, sufuria inakwanguliwa, mtu anacheka bila sababu unayoijua. Mimi si mtu wa kulala mchana. Nilikuwa nikizunguka kuwaambia watu wafukie taka zao na wafunike maji yao, mpaka Mitchelle akaniwekea mchezo kwenye simu ili, kama alivyoniambia waziwazi, majirani wapumzike.

Unapewa kiwanja kitupu, mto mmoja, na watu wadogo wasio na nyuso. Unagusa ardhi, nyumba inaota. Unagusa tena, inapata paa. Mchezo ni wa bure kwa mwenye subira. Anayelipa ni mwenye haraka. Nyumba ikihitaji saa sita kukamilika, unaweza kutoa pesa ikamilike sasa hivi, au unaweza kungoja saa sita. Sisi wa mahemani hatukuwa na kitu kingine ila saa.

Tena hauchezwi peke yako. Huwezi kufungua zahanati mpaka jirani yako wa mtandaoni akubali kuwa muuguzi. Huwezi kufungua shule bila jirani mwalimu. Mitchelle alikubali kuwa mwalimu wangu, akakataa kazi zilizobaki. Basi nilimwita Hawa kupitia turubai. Simu yake ilikuwa na kioo kilichopasuka kama ardhi ya kiangazi, na kusoma anasoma kwa shida, lakini mchezo ni picha, na picha anazisoma kuliko mimi. Kufikia jioni alikuwa muuguzi wangu, mkuu wangu wa polisi na mlinzi wa lango la mji wangu.

Mji wake mwenyewe ulikuwa kichekesho. Nyumba tatu, kisima, na nyasi. Kila alipoufungua, mchezo ulimsuta kwamba kiwanja kile kingeweza kumwingizia sarafu. Aliufuta ujumbe kwa kidole kama anayefukuza nzi. Watu wake wadogo hawakuwa na kazi ya kwenda, kwa hiyo walitembeatembea kwenye nyasi, na jua la mchezo lilipotua, maana hutua kila baada ya dakika kumi, walikaa chini. Niliingia mara nyingi kuwatazama tu. Nilimwambia mji wake ni uwanja wa mpira. Akasema wangu ni sokoni siku ya sikukuu, mtu hana pa kutema mate.

Mimi nilijenga kijiji changu. Sikukusudia. Niliweka nyumba moja karibu na mto, na mkono ukajua inayofuata. Kinu cha kusaga kikaenda kulia kwake. Kanisa likapanda nyuma. Nyumba ya mama mkwe, ambayo maji yaliichukua nzima nzima, mlango ukiwa umefungwa kwa kufuli, niliiweka mahali pake na nikaigusa mpaka ikapata paa jekundu ambalo hakuwahi kuwa nalo. Kando ya mto nilipanda mashamba membamba, marefu, yanayoanzia ukingoni na kuingia ndani, kama tunavyolima sisi, ili kila mtu apate kipande chake cha maji na kipande chake cha ukavu. Yalikuwa ishirini na matatu. Kati ya la kumi na lililofuata niliacha ukanda wa nyasi ulioshuka hadi majini. Niliuacha kwa sababu duniani ulikuwepo. Ni malka: njia ambayo ng'ombe wa Waorma hushukia mtoni kiangazi, bila kukanyaga shamba la mtu. Malka haina mwenyewe. Hata bibi yangu aliikuta.

Mto wa mle ndani haukupanda. Ulikuwa ukimeremeta mahali pamoja, asubuhi na jioni, dakika kumi kumi. Kulikuwa na alasiri ambapo niliutazama mpaka kope zikawa nzito, na sikuweza kusema kwa hakika niko upande gani wa kioo. Nilimsikia mama mkwe akiita kuku. Nilisikia kinu. Watu wasio na nyuso walinipita wakielekea mashambani, na kwa jinsi walivyotembea niliwajua mmoja mmoja, hata marehemu. Kisha mtu nje angegonga sufuria, na ningekuwa ndani ya yai tena, mdomo mkavu, simu imeniangukia kifuani.

Maji yaliporudi chini, tulijenga nyumba mpya mbali na mto, kwenye ardhi ya juu. Lakini shamba huwezi kulihamishia juu. Ukingoni, mto ulikuwa umeacha udongo laini uliolingana kila mahali, kama uji uliopoa kwenye sinia. Miembe iliyokuwa mipaka ilikuwa imelala. Kona moja ya mto ilikuwa imenyooka na kona nyingine imezaliwa. Kamati ikaundwa, mwenyekiti akawa Ziro, karani mstaafu wa mahakama, na mimi nikawa katibu kwa kuwa nina diploma ya kilimo na mwandiko wangu unasomeka. Nikaambiwa nichore ramani ya vipande upya. Familia sasa zilikuwa ishirini na nne.

Wiki hiyohiyo mchezo ulitoa shindano. Mwenye kuujaza ukingo wote wa mto kwa mashamba, bila kubakiza pengo, angepewa daraja lenye taa. Nilikuwa na ishirini na matatu na ukanda mmoja wa nyasi. Niligusa mara moja. Nyasi zikawa mahindi. Daraja likashuka kutoka mbinguni, fataki zikapasuka bila sauti kwa sababu Kalama, mume wangu, alikuwa amelala kando yangu.

Siku iliyofuata nilisimamisha simu kwenye chupa ya chai, nikachukua rula, nikaunakili ukingo kwenye karatasi. Ilikuwa kazi nyepesi mno. Vipande ishirini na vinne, familia ishirini na nne. Nilifurahi jinsi hesabu ilivyokubali.

Wakati huo wote Hawa alikuwa nyikani na mifugo yao, ng'ambo kabisa ya Ndera, mvua ilikojaza mabwawa na kusiko na mtandao. Miezi miwili hakuuona mji wangu wala mimi wake. Sasa alikuwa amesimama mbele yangu na vumbi la safari bado kwenye mtandio, ananigombeza kuhusu nyasi.

"Na ile karatasi ya kamati?" aliuliza. Sauti ilikuwa imeshuka. "Liban ameniambia ni wewe umeichora."

"Karatasi iko sawa," nilisema.

Niliyasema hayo kabla ya kufikiri, kwa sauti ninayompa mteja anayeuliza kama mbegu ni za mwaka huu. Hawa aliniangalia muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akaufunga mtandio wake vizuri.

"Mabwawa ya kule yamebaki matope, Mama Mitchelle," alisema. "Wiki mbili. Labda tatu."

Alitoka. Dawa aliyokuwa ameichagua aliiacha kwenye kaunta.

Saa nane mchana Garsen hufumba macho. Mitchelle alikuwa amekwenda kula. Barabara ilikuwa nyeupe, na hewa juu yake ilikuwa ikitetemeka hivi kwamba duka la ng'ambo lilionekana limejengwa ndani ya maji. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikaufungua mchezo, nikiwa na nia ya kumthibitishia Hawa, ingawa hayupo, kwamba ni upuuzi.

Kijiji kilifunguka. Jua lake lilikuwa linatua. Watu wadogo walikuwa wakirudi, na taa za daraja ziliwaka moja baada ya nyingine. Nilianza kutembea nao, kama nilivyozoea hemani, nikapita kinu, nikapita mlango wa mama mkwe, nikashuka kuelekea mtoni kwa sababu joto lilikuwa kali na nilikuwa na kiu. Shamba la kwanza lilikuwa na mahindi mpaka majini. Nikaenda la pili. Mahindi yalisimama bega kwa bega, marefu kuliko mimi, na nyuma yake nilisikia maji yanapita. Nikatembea ukingo wote. La tisa, la kumi, la kumi na moja. Hakukuwa na mahali. Watu wasio na nyuso walisimama wakanitazama bila kunionyesha njia, na jua likatua, likatoka, likatua tena, na mimi bado natembea.

Mlango wa duka ulibamizwa na upepo. Nilikuwa nimelalia mkono, na simu ilikuwa imejizima.

Nilivuta droo nikatoa ramani. Ilikuwa safi, ya kupendeza, kila mstari umenyooka. Kesho yake Ziro angeipeleka Hola, makao ya kaunti, kupigwa muhuri. Vigingi vya mathenge, ule mti wa miiba, vilikuwa vimeshasimama shambani wiki ya sita sasa, na watu wamepanda. Niliweka kidole kwenye kipande cha kwanza nikahesabu. Kipande cha kumi na moja. Pale ndipo nilipogusa nyasi zikawa mahindi, na pale ndipo penye malka.

Kipande cha kumi na moja ni changu.

Sikukichagua. Tulipiga kura kwa vikaratasi kwenye bakuli, na mimi kama katibu nilichukua kilichobaki. Ziro alisema Mungu ameniona, na kweli hakikuwa na mfano. Kwingine ukingo ni ukuta. Kwetu unateremka taratibu mpaka majini, unaweza kuchota bila kushika mzizi. Na mahindi. Kwenye vipande vya jirani yalikuwa ya kijani cha kawaida. Ya kwetu yalikuwa ya kijani kinachokaribia weusi, na yalifika magotini wakati ya wenzetu yanatafuta vifundo vya miguu. Kalama alikuwa akienda pale hata Jumapili, kusimama tu. Mimi niliyesomea udongo miaka miwili niliyatazama mahindi yale nikasema, bahati. Sikujiuliza ni nani aliyeulainisha ukingo ule kwa kwato, wala ni samadi ya ng'ombe wa miaka mingapi iliyolala chini ya ule uji wa mafuriko.

Nilimpigia Ziro. Nilimweleza kwamba kuna kosa kwenye ramani, kosa langu, na kwamba isiende Hola kesho. Nikasikia anatabasamu. Sauti ya mtu hubadilika.

"Katibu, kosa gani? Kila mtu aliona. Siku ile unaleta karatasi tulitazamana. Tukasema, huyu mama ana akili, ameifuta malka kimya kimya na kipande kimemwangukia yeye mwenyewe."

Nilimwambia haikuwa hivyo. Alisema haidhuru ilikuwaje. Karatasi ikishapigwa muhuri, wafugaji wataongea na muhuri, na wakija wakiwa na kiu watapewa sehemu nyingine ya kuzungukia, mbele huko, mwendo wa kutwa moja kwa miguu. Aliongea kwa upole, kama mtu anayenikinga na jua. Kwenye kikao kile kulikuwa na watu ishirini na wanne. Nilikuwa nimeamini kwamba walisahau kama nilivyosahau mimi. Kumbe walikuwa wamekaa pale wakinistahi.

Kuna mwaka ambao hapa kwetu hatuutaji. Ukiusikia unatajwa, aliyeutaja ni mgeni. Ulianza na mahindi yaliyokanyagwa na ng'ombe waliokuwa na kiu, na hayo tu ndiyo ninayotaka kuyasema juu yake.

Mitchelle aliporudi nilimwachia ufunguo. Alinitazama usoni, akaanza kuuliza, akaona afadhali asiulize. Nikachukua ramani, kalamu na panga jipya kutoka rafuni, nikasimamisha pikipiki.

Njiani kote sikufikiria chochote cha maana. Uwanda ulikuwa umelala pande zote mbili, wa rangi ya mkate, na mawingu madogo yalikuwa yakivuta vivuli vyao juu yake polepole. Korongo weupe walisimama kwenye dimbwi la mwisho kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Nilikuwa na hisia kwamba nikigusa popote pale, kitu kitaota, na sikutaka kugusa.

Kalama alikuwa katikati ya shamba, ameinama, akipalilia kwa jembe fupi. Aliponiona na viatu vya dukani na panga mkononi alijinyoosha, akauliza nani amekufa.

Nilimwambia hakuna aliyekufa. Nikamwambia tumelima malka.

Hakushtuka, na hilo lilinichoma kuliko yote. Alitazama chini, akatazama maji, akasema alidhani najua.

"Sikujua," nilisema.

"Basi sasa unajua. Kesho inakwenda Hola."

"Hawa amesema ng'ombe watashuka baada ya wiki mbili."

Kalama si mtu mbaya. Siku ya mafuriko alisimama kwenye maji ya kiuno akiokoa kuku wa watu wengine, na tangu siku hiyo, mpaka tulipopata kipande hiki, hakuwahi kulala usiku mzima. Alipitisha kiganja juu ya majani ya mahindi bila kuyashika.

"Haya hayajamkosea mtu, Mama Mitchelle."

"Hayajakosea. Nimekosea mimi."

"Ngoja basi mwezi na nusu. Tuvune ya kuchoma, halafu tung'oe vigingi, tuwaachie. Nani atatulaumu?"

Lilikuwa neno la haki na nililipima. Mwezi na nusu. Nilisimama nikasikiliza mto. Mahindi yalisugua majani yake, na jua lilikuwa limeyapenya kiasi kwamba shamba zima lilikuwa kama taa ya kijani iliyowashwa kutoka chini, na sisi wawili tumesimama ndani yake. Ningeweza kukaa pale. Kila kilichokuwa ndani yangu kilitaka kukaa pale. Kisha nikaona jinsi itakavyokuwa wiki mbili zijazo: ng'ombe mia mbili juu kwenye uwanda, pua zao zimeshika harufu ya maji, na kati yao na maji amesimama mume wangu na jembe fupi, akilinda kitu ambacho ni haki kabisa kukipenda. Na upande wa pili Liban, ambaye nimemnywesha uji kwenye kikombe changu. Wala hakuna hata mmoja wao atakayekuwa mtu mbaya.

"Tutakula nini?" aliuliza, kwa sababu alikuwa ameshaniona usoni.

"Tuna duka."

"Duka ni lako."

"Kuanzia kesho ni letu. Utalifungua saa kumi na mbili na nusu, na mteja akija humwambii asubiri umalize chai."

Alitaka kucheka, ikashindikana. Nilimgeuza kwa bega, nikaitandaza ramani juu ya mgongo wake, na juu ya namba kumi na moja, kwa mwandiko unaosomeka, nikaandika MALKA. Mkono wa kalamu ulikuwa ukiruka kila alipopumua. Nikaandika pia tarehe na jina langu kamili, nikamwomba asimame bila kutikisika, akasimama. Kisha nikaipiga picha hiyo ramani, nikamtumia Ziro, nikamwandikia kwamba karatasi nyingine hakuna, na mchoraji mwingine kijijini hakuna.

Vigingi vya upande wa juu viling'oka kwa shida. Mathenge ukiukata unajifanya umekufa. Viwili vilikuwa vimeanza kutoa majani. Nilivirusha nje ya mpaka, nikavua viatu, nikashika panga. Nilianzia juu, kwenye uwanda, ili nishuke na njia. Mahindi machanga hayana kelele. Hukatika kwa sauti ndogo ya majimaji, na harufu yake ni tamu hivi kwamba inatia aibu. Nilikata mstari wa kwanza na wa pili bila kuinua kichwa. Kwenye wa tatu nikasikia pumzi nyingine. Kalama alikuwa akiyakusanya yaliyokatwa, anayafunga matita, hanitazami. Alisema, kama anayeongea na matita, kwamba mbuzi wa watu watashiba leo.

Tulipofika katikati simu ililia. Alikuwa Hawa. Nadhani Mitchelle alikuwa amempigia. Mtoto yule haachi kitu. Nilishika simu kwa bega na sikio. Nilimwambia karatasi haikuwa sawa, na kwamba nilipomwambia iko sawa sikuwa nimeitazama. Nikamwambia niko mtoni, nakata, na leo jua halitatua kabla sijafika majini.

Hakuniambia asante, na singeipenda. Nilisikia upande wake upepo, na kengele ya shingoni mwa ng'ombe mmoja.

"Upana gani?" aliuliza.

Nilimpa Kalama panga. Nikaenda mpaka kwenye vigingi vya jirani wa kushoto, nikageuka, nikahesabu hatua zangu kwa sauti mpaka kwa jirani wa kulia, nikikanyaga visiki vya mahindi kwa nyayo tupu.

"Thelathini," nilimwambia. "Za kwangu. Zako ni ndefu kidogo."

Ya zamani ilikuwa zaidi ya mara mbili. Sote tulijua. Mto ulikuwa umekula upande mmoja, na watu wamekula mwingine, na mimi nilichokuwa nacho cha kutoa ni thelathini.

Hawa alifikiri. Nilimwona, ingawa yuko mbali, akiwapanga wanyama wake kichwani, majike mbele, ndama katikati, wanaoshuka na wanaopanda, akiwabana, akiwapitisha.

"Watapita polepole," alisema.

Nikaiweka simu chini kwenye viatu vyangu, nikamnyang'anya Kalama panga, tukaendelea kushuka.